Bei ya Kusubiri

Fundi wa kompyuta niliyempelekea laptopu ya mpwa wangu, pale Singida mjini, hana kioo cha kununua. Akitaka kujitazama kabla ya kwenda kula, anashusha ukutani kisahani cha duara chenye tundu katikati, kinachong'aa kuliko kioo cha kinyozi yeyote, anajifuta vumbi la paji la uso, kisha anakirudisha kwenye msumari wake. Nilimuuliza kile ni nini.

"Hiyo, mzee, ilikuwa hadidiski ya mtu," akasema. "Ilikufa na harusi yake ndani."

Mezani alikuwa na viungo vingine vya maiti hiyohiyo: sumaku mbili zilizopinda kama ndizi, na skrubu ndogondogo zimezing'ang'ania kama siafu. Fundi hazipotezi tena skrubu zake, maana sumaku za hadidiski zina nguvu kiasi kwamba zikikubana kidole utapiga kelele.

Jambo lililonipeleka lilikuwa dogo. Mpwa wangu ana steshenari karibu na stendi. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anawasaidia vijana kujaza maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira mtandaoni. Laptopu yake aliinunua ikiwa imeshatumika nje ya nchi, kama zilivyo nyingi mikononi mwetu. "Mjomba, mashine imekuwa nzito," aliniambia kwenye simu, na nilipofika nikaiona hiyo nzito. Asubuhi anabonyeza kitufe, anachukua ufagio, anafagia ndani, anafagia nje, ananyunyiza maji kutuliza vumbi, anarudi, na vile vidoti bado vinazunguka kwenye skrini. Nilipima kwa saa ya simu: dakika tatu na sekunde kumi mpaka alipoweza kufungua barua ya kwanza. Mteja mmoja aliyetoka Ikungi na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe mkononi alikuwa ameshavuka barabara kwenda kwa jirani.

Dawa aliyokuwa ameiamua ni kununua laptopu nyingine. Tulipofika kwake, fundi akamkatalia. "Dada, mashine yako nzima. Inayokuchelewesha ni hadidiski." Akaweka mezani vitu viwili. Kimoja kilikuwa hadidiski mpya ya terabaiti 1, nzito mkononi, baridi kama kisu. Cha pili kilikuwa SSD ya gigabaiti 256, nyepesi mpaka unadhani kasha ni tupu. Na mpwa wangu akapiga hesabu ambayo sote huipiga.

Bei hubadilika, na ya Kariakoo si ya Singida, kwa hiyo hizi zichukue kama za kufundishia tu. Tuseme ile hadidiski inauzwa shilingi 150,000 na SSD inauzwa 80,000. Ya kwanza ina gigabaiti 1,000, kwa hiyo kila gigabaiti inakugharimu shilingi 150. Ya pili ina 256, kila gigabaiti zaidi ya shilingi 312. "Hiki kidogo ndicho ghali mara mbili," akasema, akisukuma SSD kando.

Kwa kipimo hicho alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kipimo chenyewe, maana alikuwa anapima chombo cha kazi kwa rula ya ghala. Hakuna anayechagua kati ya bodaboda na mkokoteni wa punda kwa kuuliza kila kilo ya mzigo imemgharimu shilingi ngapi. Kwa hesabu hiyo mkokoteni ungeshinda siku zote, na abiria mwenye haraka angefika kesho.

Kwa nini basi hivi vitu viwili, vinavyofanya kazi moja ya kutunza mafaili, vipishane mwendo kiasi hicho? Turudi kwenye kile kioo cha fundi.

Kisahani kile kimetengenezwa kwa kioo au alumini, kikapakwa utando mwembamba mno wa madini yanayoshika sumaku. Ndani ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na ukingo wake hukimbia kama kilomita 66 kwa saa, mwendo wa basi lililokwishatoka mjini. Juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea nchani. Waliowahi kuwa na santuri nyumbani wanaujua mkono huo kwa sura. Tofauti ni kwamba sindano ya santuri ilikuna sahani, ilhali hiki kichwa hakitakiwi kugusa kabisa. Kinaelea juu ya upepo unaotibuliwa na sahani yenyewe, kwenye kimo cha nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa kama nanomita 80,000. Chembe moja ya vumbi la Singida la mwezi wa Agosti, likija na ule upepo wetu wa kiangazi, kwa kichwa hicho ni mwamba kama ile inayouzunguka mji.

Ndiyo maana hadidiski haifunguliwi kwenye meza ya fundi ikabaki hai. Lakini tazama jalada la nyingi utaona kitundu kidogo, na maandishi yanayokukataza kukiziba. Ni cha kupumulia, kina kichujio. Kichwa kinahitaji hewa ili kielee, na hewa ikiwa nyembamba mno kinashuka. Watengenezaji wengi wanaruhusu hadidiski za kawaida kufanya kazi mpaka mwinuko wa kama mita 3,000. Singida, iliyo kwenye mita 1,500 hivi, haina shida. Usiipandishe Kibo tu.

Mafaili yenyewe, iwe barua au picha ya harusi, yameandikwa kwenye ule utando kwa visumaku visivyoonekana, kimoja kimeelekea juu, kingine chini, mabilioni kwa mabilioni. Hadidiski ya kwanza kuingia sokoni duniani, ya kampuni ya IBM, ilitoka mwaka 1956, wakati TANU ina miaka miwili. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ina upana wa sentimita 61, uzito wake ulikuwa kama tani moja, na ilibeba herufi milioni tano. Picha moja ya simu ya leo ingeijaza. Ilikodishwa pamoja na kompyuta yake, dola 3,200 kwa mwezi.

Kutoka kwenye tani moja mpaka kwenye mfuko wa shati kulitokana na mambo mengi, lakini moja ni ugunduzi halisi wa fizikia. Mwaka 1988, Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mtu na kundi lake, walikuta jambo lisilotarajiwa. Ukipanga matabaka ya metali yenye unene wa atomu chache, moja linaloshika sumaku, moja lisiloshika, moja linaloshika, umeme unapita kwa wepesi au kwa taabu kutegemea sumaku za matabaka hayo zimeelekeana vipi. Sumaku dhaifu kabisa iliyo jirani inatosha kubadilisha hali hiyo. Kwa maneno ya mezani kwa fundi, walikuwa wamepata jicho kali. Kabla ya hapo kisumaku kilibidi kiwe kikubwa ili kichwa kikihisi. Sasa kingeweza kuwa kidogo mno, na vingi zaidi vikakaa kwenye sahani ileile. Kufikia 1997 IBM ilikuwa inauza hadidiski zenye jicho hilo. Mwaka 2007 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kwa hiyo hadidiski si kifaa kijinga. Ni moja ya mashine za ajabu zaidi zilizowahi kuingia kwenye nyumba ya mtu wa kawaida. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni wa miguu.

Inapomwaga faili moja refu lililopangwa pamoja, hadidiski ya laptopu hutoa kama megabaiti 100 kwa sekunde, na hiyo si haba. Lakini kompyuta inapowaka haisomi faili moja refu. Inaokota vipande vidogo elfu kadhaa vilivyotawanyika kwenye sahani nzima. Kila kipande, mkono lazima usogee hadi mstari wake, kisha ungoje sahani izunguke mpaka kipande kifike chini ya kichwa. Kusogea kunachukua kama milisekunde 12, kungoja kwa wastani 5 na nusu. Ni kama bodaboda uliyemwambia akuletee wanaukoo kwenye kikao: mmoja yuko Ilongero, anayefuata yuko Ikungi, wa tatu Ilongero tena. Pikipiki ina mwendo, dereva hodari, na kikao bado hakijaanza saa nane. Wanaukoo haohao wangekuwa wamekaa kwenye benchi moja stendi, angewaleta kwa safari chache.

Piga hesabu. Vipande 5,000, kila kimoja milisekunde 17 na nusu: karibu sekunde 88. Hapo hujafungua Word, na programu ya kuua virusi nayo imeamka na inaokota vya kwake kwa kutumia mkono uleule.

SSD haina mkono. Haina sahani, wala kitu chochote kinachosogea isipokuwa elektroni, na kipande chochote ndani yake kinafikiwa kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde. Vipande vilevile 5,000 vinaokotwa kwa nusu sekunde. Ukipima kumwaga faili refu, SSD ya kawaida ya laptopu inatoa kama megabaiti 500 kwa sekunde, mara tano ya mwenzake. Tangazo la dukani linapenda namba hiyo. Mimi naona namba ya kuangalia ni ile nyingine, ya kuokota vilivyotawanyika, kwa sababu pale tofauti ni zaidi ya mara mia, na pale ndipo siku ya mtu wa steshenari inapolia au kucheka.

Siri ya SSD ni ngeni kidogo kwa akili. Mwaka 1967, katika maabara za Bell huko Marekani, Dawon Kahng na Simon Sze walionyesha transista yenye kisiwa ndani yake: kipande kidogo kinachopitisha umeme, kimezungukwa pande zote na kihami. Elektroni zikiwekwa kwenye kisiwa hicho zinabaki hapo hata umeme ukikatika, maana hazina njia ya kutokea. Swali la mtoto yeyote mwerevu: sasa ziliingiaje?

Zilipita ukutani. Ukirusha mpira kwenye ukuta wa tofali mara elfu, utarudi mara elfu. Elektroni si mpira. Tabia yake ni ya wimbi, na ukingo wa wimbi hilo huchungulia kidogo upande wa pili wa ukuta. Ukuta ukiwa mwembamba vya kutosha, na umeme ukiisukuma kwa nguvu, mara nyingine elektroni hujikuta iko ng'ambo bila kutoboa kitu. Ralph Fowler na Lothar Nordheim waliikokotoa tabia hiyo mwaka 1928, wakishughulika na elektroni zinazotoka kwenye metali, bila kuwaza kompyuta ya mtu. Miaka ya 1980 Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba huko Japani akaitumia kutengeneza kumbukumbu inayofutika eneo kubwa kwa mkupuo, na aina iliyomo kwenye SSD za leo ikatangazwa mwaka 1987. Mwenzake kazini aliona kufutika kule kwa ghafla kunafanana na mwako wa taa ya kamera, na jina la flashi likaanzia hapo. Ile flashi iliyoning'inia kwenye funguo zako ni ndugu wa SSD, wa tumbo moja, ila mmoja kasomeshwa zaidi.

Ubora wa kumbukumbu hizi unatofautiana kwa jambo moja linaloeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kupima alizeti. Chukua jagi. Ukiambiwa useme tu kama jagi limejaa au ni tupu, hukosei hata gizani. Ukiambiwa useme limefika alama ya ngapi kati ya nane, unainama na kuchungulia. Kati ya kumi na sita, unataka miwani. Zamani kila kisiwa kilikuwa na hali mbili tu. SSD nyingi za sasa zinapima alama nane kwenye kila kisiwa, na zilizo rahisi zaidi alama 16. Ndivyo gigabaiti nyingi zinavyoingizwa kwenye chipu ndogo na bei inavyoshuka, na ndivyo pia uandishi unavyopungua kasi na uhai unavyofupika, kwa sababu kila elektroni zinapopitishwa ukutani, ukuta unachubuka kidogo.

Habari hiyo ya kuchubuka imewatisha watu kupita kiasi. "SSD hufa haraka," utaambiwa. Hebu tuone. Ipo SSD maarufu ya bei nafuu ya gigabaiti 240 ambayo mtengenezaji wake ameiwekea kikomo cha kuandikiwa terabaiti 80. Mtu wa barua na fomu, akiandika gigabaiti 10 kila siku, na hiyo ni nyingi kwake, angehitaji siku 8,000. Ni karibu miaka 22. Kibodi itakuwa imeng'oka vitufe vyote.

Cha kuogopa ni kingine. Elektroni kisiwani huvuja polepole SSD ikikaa bila umeme, na joto huharakisha kuvuja huko. Kiwango kinachofuatwa na watengenezaji kwa SSD za watu wa kawaida kinataka ile iliyokwishatumika hadi kikomo chake itunze data mwaka mmoja tu ikiwa imezimwa kwenye nyuzijoto 30. Iliyo mpya hutunza muda mrefu zaidi. Bado, SSD siyo ya kuandikia historia ya ukoo na kuifungia kwenye sanduku chini ya bati. Kazi hiyo mpe hadidiski, maana visumaku vyake havina habari na umeme kukatika.

Basi fundi alifanya kazi yake. Skrubu nane, kifuniko cha chini, hadidiski ya zamani ikachomolewa, SSD ikakaa palepale, kwa sababu vipimo na viunganishi vyao ni vilevile. Akapiga Windows upya, akarudisha mafaili. Laptopu za karibuni zina aina nyingine ya SSD, kijiti chembamba kama kipande cha bazoka, chenye kasi ya maelfu ya megabaiti. Kwa kuchapa barua hutaona tofauti, usilipie zaidi bila sababu. Tuliporudi steshenari, nilipima tena kwa simu ileile: sekunde 22 mpaka barua ikafunguka. Mpwa wangu alikuwa ameshika ufagio. Aliuangalia, akauegemeza ukutani.

Baadaye nilimpigia hesabu yake ya pili, ile ambayo lebo ya bei haiandiki. Mashine inayokupotezea dakika 20 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka inakula saa 104. Ni siku 13 za kazi za saa nane. Hapo wateja waliovuka barabara bado hawajahesabiwa.

Lakini mlango wa tatu kutoka kwake kuna kijana anayeingizia watu muvi na nyimbo kwenye flashi na memori kadi. (Haki za wenye filamu ni hadithi nyingine, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wana neno lao.) Aliposikia habari ya SSD akaja anataka naye abadilishe. Kwake hukumu inageuka. Muvi ya gigabaiti 2 inakaa kwenye hadidiski kama faili moja refu, yaani wanaukoo wako benchi moja. Hadidiski inaimwaga kwa megabaiti 100 kwa sekunde, lakini flashi ya mteja, zile za bei ya chini, inapokea kama megabaiti 10. Itachukua sekunde 200 na ushee hata ungemwaga kwa SSD ya dola elfu. Pampu kubwa haisaidii kitu mpira ukiwa mwembamba. Yeye anahitaji nafasi nyingi kwa bei ndogo, kwa hiyo ile hesabu ya shilingi kwa gigabaiti, iliyompotosha mpwa wangu, kwake ni hesabu sahihi. Nilimwambia kitu kimoja tu: hadidiski yake ya nje, eksternal, alikuwa anaichomeka kwenye tundu la USB jeusi. Tundu la aina ya zamani hupitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde. Pembeni palikuwa na la bluu, ambalo halimbani. Kunakili gigabaiti 500 kwa lile jeusi ni karibu saa nne. Kwa la bluu ni kama saa moja na dakika 25.

Na usimcheke anayetumiwa mzigo wake kwa basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni kama kilomita 700. Tuseme basi limeondoka saa 12 alfajiri na kufika saa 12 jioni, na ndani ya kifurushi kimoja kuna eksternal ya terabaiti 2. Gawanya: ni megabaiti 46 kila sekunde, bila kukatika, bila bando. Wanasayansi waliopiga picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, walifanya hivyohivyo. Darubini zao zilikuwa Chile, Hawaii, hadi Ncha ya Kusini, data ilifika kama petabaiti 5, na intaneti ingewachelewesha, wakasafirisha hadidiski zenyewe kwa ndege. Kwa kuwa darubini nyingine ziko milimani kwenye hewa nyembamba, walitumia hadidiski zilizozibwa kabisa na kujazwa gesi ya heliamu, ili vichwa visianguke. Za Ncha ya Kusini zilibidi kungoja majira ya baridi yaishe ndipo ndege ifike.

Sasa mambo ya dukani. Mpwa wangu alipofungua SSD yake akaona gigabaiti 238 badala ya 256, akataka kurudi kugombana. Sisi tuliozoea lumbesa, ambapo gunia la kitunguu linajazwa, likavishwa kofia juu, na mkulima akalipwa kama gunia moja, tuna haki ya kushtuka namba zikipishana. Hapa hakuna wizi. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na huko kuzidishana mara tatu hufanya debe la Windows liwe kubwa kuliko la kiwandani. Ukipima kwa debe kubwa, madebe yanatoka machache; alizeti ni ileile. Terabaiti 1 itaonekana 931.

Wizi upo kwingine. Flashi ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ina chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Itapokea kila unachoweka, na ikijaa itaandika juu ya vya zamani au itavitupa, majina ya mafaili yakibaki kana kwamba yote ni salama. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayojaza chombo chote kisha inasoma tena kulinganisha. Inachukua muda, lakini hadanganywi mtu. Na hadidiski iliyotumika ina kitu kama kilomita za gari: humo ndani yameandikwa masaa iliyowashwa na maeneo yaliyokwishaharibika, na CrystalDiskInfo, nayo ya bure, inakuonyesha. Masaa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu ya kuzunguka usiku na mchana. Kama kilomita za gari, hata haya hurudishwa nyuma: mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani ziligundulika hadidiski zilizotumika zikiuzwa kama mpya, masaa yake yamefutwa. Muombe muuzaji aichomeke mbele yako.

Hadidiski ikikaribia kufa mara nyingi hutoa sauti, kakaka, kakaka, mkono unapotafuta njia na kuikosa. Ukiisikia, izime na umwone fundi siku hiyohiyo. Usijaribu kuiwasha mara kumi. SSD haitoi sauti. Inaweza kuwa nzima saa tatu asubuhi, saa nne kompyuta ikasema haijui kitu kama hicho. Kasi yake haimkingi mtu na jambo hilo, wala bei yake.

Kwa hiyo hadidiski ya zamani ya mpwa wangu haikutupwa. Fundi aliipima, akaikuta nzima, akaitia kwenye kasha dogo la USB. Kila Jumamosi kabla ya kufunga, mpwa wangu anaichomeka, ananakili kazi za wiki, anaichomoa na kwenda nayo nyumbani, ili mwizi au moto usivikute vyote viwili dukani. Wewe unayesoma, kama picha za harusi yako, au za mama yako aliyetangulia, ziko kwenye chombo kimoja tu, chochote kile na cha bei yoyote, zinakili leo mahali pa pili.